Maji ya Kinjeketile Yalipofika Mbuya

Muhula uliopita wanafunzi wetu wa mwaka wa 2 wanaosoma Tamthilia ya Kiswahili waliitoa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein nje ya darasa kwa mara ya kwanza. Hawakuipeleka katika ukumbi wowote wenye jina mjini Kampala. Waliipeleka Mbuya, katika ukumbi wa shule moja iliyo chini ya kilima, Jumamosi alasiri, kwa kuwa watatu kati yao wamepanga vyumba huko na mkuu wa shule hiyo alikubali kuwapa ukumbi bila malipo mradi waufagie kabla na baada. Wasomaji kadhaa wa jarida hili wametuomba ripoti ya siku ile. Ripoti ni kazi ya katibu wa chama cha wanafunzi, naye ameahidi kuiandika. Sisi hapa tunaandika uhakiki, na tunaomba radhi mapema kwamba sehemu ya lawama itakayojitokeza inatuangukia sisi walimu.

Tunaandika pia kwa sababu nyingine. Idarani mwetu kuna pendekezo kwamba sehemu ya utendaji katika somo hili, yenye alama 30 kati ya 100, ifutwe na mahali pake pawekwe swali la insha. Hoja za pendekezo hilo si za kipuuzi. Wanafunzi wameongezeka, muda ni mfinyu, hakuna fedha za maleba wala za usafiri, na kusahihisha onyesho ni kazi ngumu kuliko kusahihisha karatasi. Hata sisi tuliwahi kuliunga mkono. Onyesho la Mbuya ndilo lililotugeuza, wala si kwa sababu lilikuwa zuri kila mahali. Kasoro zake zilikuwa nyingi na tutazitaja.

Kwa wasomaji walio mbali, Mbuya ni kilima kilichoko mashariki mwa Kampala, katika tarafa ya Nakawa. Juu kuna nyumba za wenye uwezo, zenye kuta ndefu na maandishi ya kuonya juu ya mbwa wakali. Kuna kanisa Katoliki la Bikira Maria wa Afrika. Na kuna kambi ya jeshi iliyozoeana na jina la kilima kiasi kwamba kwa wakazi wengi wa Kampala kusema Mbuya ni kusema jeshi. Chini, kuelekea Kinawataka, vyumba vinabanana na mitaro hufurika kila mvua inaponyesha. Ukivuka Barabara ya Jinja unakutana na kilima cha Kyambogo, ambako walimu wa nchi hii wamefunzwa kwa miongo mingi. Mbele kidogo kando ya barabara hiyohiyo, upande wa Banda na Kireka, kuna mtaa wa Waacholi, wengi wao wakiwa ni watu waliokimbia vita vya kaskazini na watoto wao. Tunamwomba msomaji aukumbuke mtaa huo, kwa maana tutaurudia.

Kiswahili kina maisha yake Mbuya. Katika mitaa mingi ya Kampala soko husema Luganda, lakini penye kambi Kiswahili husikika dukani, kwenye kituo cha bodaboda, na kwa watoto wanaocheza mpira wa makaratasi. Hata hivyo ni Kiswahili kilichobeba mzigo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alipotaka kukipanua Uganda, Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na raia wengi wakaisikia lugha hiyo ya taifa kwenye vizuizi vya barabarani, ikitanguliwa na mtutu wa bunduki. Kisha Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yakaingia Kampala, na watu wakasikia Kiswahili kingine kabisa, chenye salamu ndefu na tafadhali nyingi. Askari wale waliitwa Wakombozi. Ndimi za Kiganda zikasema Bakombozi. Wazee waliovipitia Viswahili hivyo viwili bado wanaweza kukuigizia vyote, na hucheka sana wanapofanya hivyo, ila kicheko cha kimoja hakifanani na cha kingine.

Tumeyakumbusha haya kwa sababu tamthilia ya mjini Kampala ilikua bila Kiswahili. Wycliffe Kiyingi aliandika kwa Luganda tangu miaka ya 1950. Byron Kawadwa naye aliandika na kuongoza kwa Luganda, hadi utawala wa Amin ulipomuua mwaka 1977. Robert Serumaga alianza kwa Kiingereza, halafu akaegemea miili na sauti kuliko maneno. Idara ya Muziki, Ngoma na Drama ya Makerere ilianzishwa mwaka 1971, na marehemu Rose Mbowa alilea pale kizazi kizima cha waigizaji. Katika orodha hii yote ya fahari Kiswahili hakionekani, isipokuwa katika kikundi cha Makerere kilichokuwa kikizunguka nchini tangu 1965 kikiigiza bure shuleni, sokoni na viwanjani, ambacho kilikuwa na michezo ya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Wakati huohuo Dar es Salaam Ebrahim Hussein na Penina Muhando walikuwa wakiwaandikia watu ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya mkutano, ya gazeti na ya mapenzi. Matokeo ni kwamba mwanafunzi wa Kampala huipokea tamthilia ya Kiswahili kama kitabu kilichotoka ng'ambo ya mpaka, nakala yake ikiwa imetolewa kivuli pale Wandegeya na kurasa mbili zikiwa zimepotea njiani.

Sasa tuje kwenye onyesho lenyewe.

Mchezo ulianza saa 9 na nusu, nusu saa baada ya muda uliotangazwa, ambayo kwa Kampala ni mapema. Tulihesabu watu wapatao 120, theluthi moja wakiwa watoto waliovutiwa na ngoma. Hussein anaifungua tamthilia yake na wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Kinjeketile, wanaozungumzia njaa, shamba, na waume wanaomalizwa na kazi ya kulazimishwa. Mara nyingi tumesikia wanafunzi wakililalamikia onyesho hili la kwanza kuwa halina tukio. Mbuya ndilo lililokuwa bora kuliko yote. Wasichana wawili walioigiza hawakusimama wakiitazama hadhira kama wanaokariri. Walikaa chini, wakachambua mboga za kweli, na walizungumza bila haraka. Mmoja alikuwa akinyamaza kila mara kana kwamba anasikiliza nyumba ya pili, ambamo Kinjeketile amejifungia. Kinamama waliokuwa safu ya mbele walianza kuitikia kwa sauti ya chini, kama watu wanaokubaliana na jirani. Sisi tuliokuwa tumefundisha onyesho hilo kwa miaka zaidi ya 10 kama mfano wa utangulizi wa mgogoro tuliona kwa mara ya kwanza kwamba ni onyesho la watu wenye njaa.

Baada ya hapo mambo yakaharibika kidogo. Ngoma zilikuwa kubwa mno kwa ukumbi wa mabati na zilimeza maneno. Maleba yalikuwa magome ya mti yanayovaliwa Buganda, kana kwamba Rufiji iko karibu na Masaka. Hadhira ikawachukulia wahusika kuwa waganga wa jadi wanaojitangaza redioni. Onyesho la pepo ndilo lililoumia zaidi. Mwigizaji wa Kinjeketile, kijana mwenye kipaji bila shaka, aliliigiza kama mtu anayeombewa kwenye mkutano wa uamsho: akaanguka, akabiringika, akanguruma. Watu wakacheka. Mto ulikuwa kitambaa cha buluu kilichoshikwa na wanafunzi wawili, wazo tulilolipenda, lakini alipoibuka kutoka majini akiwa mkavu hakuna aliyeutambua muujiza, kwa sababu kila mtu alikuwa bado anacheka mngurumo.

Kosa kubwa zaidi halikuonekana na wengi, na ndilo tunalotaka kukaa nalo. Katika tamthilia, Kinjeketile akiwa katika hali ya kupagawa hutamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuambiwa alichosema, anashtuka. Ikiwa Mjerumani anaondoka ili Sultani aingie, basi watu wanabadilisha bwana tu. Shaka yake yote inatoka hapo, na ndiyo maana anawasihi wenzake wasubiri. Wanafunzi wetu waliikata sehemu hiyo. Tulipowauliza sababu, walisema kwamba watu wa Mbuya hawamjui Seyyid Said. Tukawauliza wao wenyewe kama wanamjua. Kimya. Mmoja akakisia kwamba ni mtume. Kwa hiyo Kinjeketile wa Mbuya alianza kusitasita bila sababu yoyote iliyosikika, akaonekana mwoga, na kijana aliyemwigiza hakuelewa kwa nini mhusika wake alikuwa amelegea katikati ya mchezo.

Hapa hatuwezi kuwalaumu wanafunzi peke yao. Sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja na kufariki mwaka 1856, na kizazi chake kilichotawala pwani hadi Wajerumani walipoichukua, ni habari ya somo la historia. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 ni habari ya historia vilevile. Sisi tunaofundisha fasihi tumezoea kusema kwamba historia ni ya jirani, na jirani anasema kwamba tamthilia si ushahidi. Wenzetu wa Dar es Salaam wana neno moja la masomo haya yote, insia, na huenda neno moja huwasaidia kuyaona kama kazi moja. Kwetu mwanafunzi huhama kutoka chumba hadi chumba akibeba vipande, na siku anapotakiwa kuamua ni sentensi gani ya Hussein ikatwe na ipi ibaki, vipande havimsaidii. Karatasi ya mtihani isingetuonyesha pengo hili. Kwenye karatasi kijana yule angeandika kwamba Kinjeketile anaingiwa na shaka, akapata alama yake, na sisi tungeendelea kuamini kwamba anajua sababu.

Mchezo ulipokwisha wanafunzi walikaribisha maswali, jambo tulilowaagiza na ambalo tulidhani litachukua dakika 5. Mama mmoja wa makamo, mmoja wa wale wanaotengeneza shanga za karatasi, alisimama na kuuliza kwa Kiswahili chake:

“Mwalimu, huyu mwenye maji, yeye alienda mbele ama alibaki nyuma?”

Aliyeigiza Kinjeketile alijibu kama alivyofundishwa. Kinjeketile, alisema, ni ishara ya umoja. Aliyaunganisha makabila yaliyokuwa yakichukiana. Ni jibu sahihi na liko katika kila mwongozo unaouzwa mjini. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

“Mimi siulizi umoja, mwanangu. Nauliza yeye.”

Ukumbi ulibadilika. Sisi tuliokaa nyuma tulichelewa kuelewa, lakini watu wa Banda na Kireka walielewa mara moja. Mwaka 1986 na 1987 Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la Lakwena, aliwaongoza maelfu ya vijana kutoka kaskazini wakiwa wamepakwa mafuta ya shea na kunyunyiziwa maji ili risasi zisiwadhuru. Walifika karibu na Jinja ndipo wakashindwa, yaani walikuwa kwenye barabara hiihii inayopita chini ya Mbuya, mwendo wa kilomita 80 tu. Yeye alivuka mpaka, akafia katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya mwaka 2007. Katika ukumbi ule, kwa hiyo, waliketi bega kwa bega watu ambao ndugu zao walipakwa yale mafuta na wastaafu wa jeshi lililowasimamisha. Hatukuwa tumelifikiria hilo tulipochagua kitabu. Tulikichagua kwa sababu kilikuwa kwenye muhtasari.

Swali la mama lilijibiwa na watu wengine. Mstaafu mmoja wa jeshi, ambaye vijana wote walimwita afande, alisema kwamba maji hayana kosa, kosa ni la mkubwa anayejua kisha ananyamaza. Mwanafunzi mmoja akamkumbusha kwamba Kinjeketile hakuwaamuru waende. Aliwaambia wasubiri, nao wakamshinda nguvu. Afande akasema mkubwa anayeshindwa na vijana wake si mkubwa. Hapo kijana mmoja wa bodaboda, ambaye tuna hakika hakuwahi kukifungua kitabu hiki, akaunyosha mkono na kulitetea tendo la mwisho la Kinjeketile gerezani: akikiri mbele ya Mzungu kwamba maji yalikuwa uongo, Mzungu atakuwa ameshinda mara mbili, maana watoto wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Ndiyo hoja ya Hussein hasa. Mama wa shanga akaitikia kwa kichwa, kisha akasema kwamba hata hivyo waliobaki hai wana haki ya kuambiwa ukweli na mtu wao, si na Mzungu. Mjadala ulidumu dakika 40. Tulipotoka jua lilikuwa linazama na muuza chapati za mayai pale nje alikuwa amemaliza unga.

Sasa tukiri jambo. Katika mtihani wetu swali la Kinjeketile limekuwa likirudi kwa sura mbili au tatu, na lile linalopendwa zaidi humtaka mtahiniwa athibitishe kwamba mhusika huyu ni shujaa. Katika mwongozo wetu wa kusahihisha kuna hoja 8, kila moja na alama zake, na zote zinaelekea upande mmoja. Mtahiniwa angeandika maneno ya mama yule, kwamba mtu aliyewapa wenzake matumaini asiyoyaamini tena anawadai maelezo, tungempa sifuri pembeni na kuandika “soma swali”. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Alitaka uhuru wa kumwacha mtu huyu katikati ya mawazo mawili yanayovutana. Sisi tumeufunga uhuru huo kwa hoja 8. Halafu tunashangaa wanafunzi wanaponunua miongozo badala ya kusoma kitabu. Wamejua tu kwamba sisi wenyewe tunasahihisha mwongozo.

Tuligusie pia suala la lugha, ambalo limezua ubishi mkubwa zaidi idarani kuliko mengine yote. Aliyeigiza Kitunda, yule aliyekabidhiwa uongozi wa vita, ni kijana aliyelelewa kambini. Kiswahili ndicho lugha yake ya kwanza, jambo lisilo la kawaida miongoni mwa wanafunzi wetu. Darasani yumo katika kundi la mwisho. Anasema gari yangu, watu yote, maji hii. Ngeli kwake ni adhabu. Wenzake wanaojifunza Kiswahili vitabuni humpita kwa alama 20 na zaidi. Mbuya, baada ya onyesho la kwanza la wale wasichana wawili, ni yeye peke yake aliyesikika kila neno hadi mlango wa nyuma. Sauti yake ilitoka mahali pake. Alipowakaripia wapiganaji, watoto wa kambi waliokuwa madirishani walisimama wima. Wenzake waliokuwa na ngeli safi walisema kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe, wakiangalia jiwe linalofuata.

Lakini aliyasema maneno ya Hussein kwa upatanisho wake mwenyewe. Mtahini mwenzetu alipunguza alama 6 kwa makosa ya kisarufi. Sisi tulipinga, naye akatuuliza, kwa haki kabisa, kama idara ya Kiswahili inaweza kutoa cheti kwa mtu anayesema maji hii. Hatuna jibu jepesi. Tunaamini kwamba Hussein aliandika Kiswahili chenye mizani na kwamba mwigizaji anapaswa kuifikia mizani hiyo. Anayeivunja anamvunja mwandishi. Kwa hiyo tungemrudisha kijana kwenye matini yake na kumsumbua hadi azitamke sentensi zile kama zilivyo. Tunachokataa ni kwamba miaka 2 aliyokaa darasani hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ana sauti ile. Tulikuwa tumekwisha kumwandika kuwa mjinga. Historia ya vizuizi vya barabarani inachangia hapa, tukubali tusikubali. Kiswahili cha kambi kinatukera masikioni zaidi ya makosa ya Mganda au ya Mnyankole, ambayo ni mengi vilevile, kwa sababu tunasikia ndani yake kitu kingine.

(Kwa burudani ya msomaji: afande yule alipomaliza ubishi alikwenda moja kwa moja kwa Kitunda akamwambia, “Wewe kijana, hiyo mkuki unashika kama fimbo ya ng'ombe,” kisha akamfundisha namna ya kuushika. Ilikuwa mhadhara bora wa utendaji kuliko wowote tuliowahi kuutoa.)

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa kwa nchi inayohitaji wahandisi. Tangu mwaka 2005 serikali imekuwa ikielekeza sehemu kubwa ya ufadhili wa vyuo vikuu kwa masomo ya sayansi. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya sekondari ya serikali ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa masomo ya sanaa akibaki na takriban milioni 1, na Juni 2025 walimu wa sanaa waligoma kwa sababu hiyo. Wakati huohuo, katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa sekondari wa 2020 umekifanya kuwa somo la lazima kwa miaka miwili ya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Kiswahili anatakiwa kila mahali kwa robo ya mshahara. Mtaala huo wa 2020 una pia somo la sanaa za maonyesho, la kuchagua. Wengi wa wanafunzi wetu watapewa masomo yote mawili kwa mpigo katika shule ambayo mwalimu wa Kiswahili ndiye pia mlezi wa kwaya, na watapewa darasa la watoto 90 wasio na vitabu. Mtu huyo tunataka kumpeleka huko akiwa hajawahi kusimama mbele ya watu 120 na kusikia swali lisilokuwamo katika mwongozo.

Hatutaki kudai kwamba mji wenyewe ni shule. Tumesoma makala nyingi zinazosema hivyo na aghalabu huandikwa na watu wasiopanda daladala, au taksi kama tunavyoziita hapa. Mji una kelele, nauli, na mvua iliyotupotezea mazoezi mawili. Binti aliyeigiza Bi Kinjeketile alikosa somo la asubuhi kwa wiki 3 kwa sababu mazoezi yaliisha usiku na alikuwa akiogopa kupita kwenye mtaro wa Kinawataka peke yake. Hilo lingetugharimu sana kama jambo baya lingetokea, na hatukuliwazia mapema. Onyesho lijalo lazima liwe na mazoezi ya mchana na mtu wa kuwasindikiza.

Pendekezo letu kwa mkutano wa idara, ambao umepangwa Alhamisi ya wiki ya 4, ni hili. Alama 30 za utendaji zibaki. Kumi kati yake zitolewe kwa daftari la maandalizi, ambamo kikundi kitaeleza kila sentensi iliyokatwa na sababu ya kuikata, na daftari hilo lisomwe na mwalimu mmoja wa historia. Tumekwisha kuzungumza na mmoja naye amekubali kwa sharti kwamba na sisi tukasikilize mhadhara wake wa Majimaji. Swali la ushujaa liondolewe katika benki ya maswali, au libakizwe bila mwongozo wa hoja 8. Maleba yaazimwe badala ya kushonwa.

Kuhusu alama 6 za Kitunda hatujaafikiana. Jedwali la matokeo bado liko mezani kwetu na nafasi yake iko wazi. Kijana mwenyewe hajaja kuuliza. Tumesikia kwamba siku hizi jioni hupanda Mbuya kwa afande, na kwamba amekwenda na kitabu.